Bega Lisilo na Mwenzake

Katika kijiji nilichoishi, juu ya Ndosho, pale ambapo mji wa Goma unaishia na mawe meusi ya volkano yanaanza kupanda mlima, kila nyumba ilitoa bega moja kwa ajili ya kipoyi. Bega langu peke yake halikutakiwa. Jambo hilo lilinikera kuliko baridi, kuliko ukungu, kuliko mlango wa chumba changu ulionigonga paji la uso kila asubuhi kana kwamba tuna kesi.

Kipoyi ni kitanda cha kubebea wagonjwa. Chetu kilikuwa kikapu kirefu cha mianzi kilichoning'inizwa kwenye mti mmoja, mtu mmoja akiweka bega mbele na mwingine nyuma. Njia ikiwa kavu pikipiki zilipanda hadi kijijini, na mgonjwa aliyeweza kuketi alishuka nayo. Asiyeweza kuketi, au mvua ikiwa imeharibu njia, alibebwa. Hakuna aliyelipwa. Leo wewe unambeba mtoto wa jirani, kesho jirani anakubeba wewe, na asiyetoa bega hakuwa na uso wa kuomba. Mgonjwa alilazwa kichwa upande wa mlimani, kwa hiyo wakati wa kushuka miguu ndiyo iliyotangulia. Ni maiti tu aliyeshushwa kichwa mbele. Tena mwenye mgonjwa hakubeba. Yeye alitangulia, akiondoa matawi na mawe njiani, na hakugeuka nyuma, kwa maana mwenye uchungu akigeuka husimama, na yeye akisimama, wote husimama.

Mimi nilikuwa nimetoka Singida kwenda kujitolea, kujenga matangi ya maji ya mvua kwenye shule ya msingi. Mvua inanyesha pale karibu kila siku, lakini ardhi yote ni mawe yenye matundu na maji yanazama papo hapo. Hakuna mto wala kisima, na akina mama walishuka na madumu mgongoni kutafuta maji mjini. Nilikuja na mchoro wa tangi la kuchimbia ardhini. Nilidhani mtu wa Singida mawe anayajua. Siku ya kwanza niliinua sururu mbele ya watu, nikapiga kwa nguvu zangu zote, ikatoa cheche, mikono ikafa ganzi hadi viwiko, na wanaume waliosimama kunitazama wakanipa pole kwa heshima kubwa. Wiki hiyohiyo nilichora tangi la kusimama juu ya ardhi. Ndipo nilipoelewa pia kwa nini vyoo vya kule vina ngazi.

Nilipewa chumba kwa mume na mke. Mume alikuwa mwenyeji wa palepale, seremala wa milango na madirisha, mtu wa maneno machache. Mke alitoka Butembo, kwenye ukoo wa wafanyabiashara, na alisema kwa niaba ya wote wawili. Aliuza viazi na vitunguu mjini, na jioni alirudi na habari za Goma yote. Kiswahili changu kilimfurahisha kupita kiasi.

“Sema tena,” alikuwa ananiambia, na mkono ameshika kiuno. “Unasema kama mutu wa radio. Mutu anaweza kukaa chini angojee matangazo ya kifo.”

Urefu wangu ndio uliomfaa. Mimi ni mrefu, si wa kawaida, mrefu wa kuulizwa na watu nisiowajua kama nyumbani tuko wote hivi. Alizoea kutundika vitu vyake juu ya boriti ya jikoni, sufuria, mikungu ya ndizi, mfuko wa maharagwe, kisha akaniita nije kushusha. Mume wake alikuwa akitumia kigoda. Nilipoingia mimi, kigoda kikapewa kuku wa kuatamia.

Kuzoea si jambo nililolifanya vizuri, na sitajisifu. Baridi ilinishangaza, maana nilikuja na mashati ya mikono mifupi kama mtu anayekwenda Dar. Sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, nililila kwa adabu mwezi mzima kabla ulimi haujakubali, na baada ya hapo nikawa nalitafuta. Vumbi jeusi liliingia mpaka kwenye mswaki. Lakini kilichonishinda hasa ni ugeni wenyewe. Kila nilipoingia nilipewa kiti. Kiazi kikubwa kuliko vyote kiliwekwa upande wangu. Nikibeba mfuko wa saruji, mtu alitokea akaninyang'anya. Nilikuwa nimewekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, navyo, kama unavyojua, havinywewi chai.

Ndiyo maana mara ya kwanza niliposikia filimbi ya kuwaita wabebaji wa kipoyi nilikimbia kama mtu aliyeitwa jina. Mzee mmoja kule juu alikuwa amevunjika mguu. Wanaume waliacha majembe, wakakusanyika uwanjani mbele ya kanisa, nami nikasimama katikati yao. Aliyesimamia kazi ile walimwita kapita. Alikuwa mtu mfupi, mfupi kuliko wabebaji wote, mwenye kofia ya sufu na mabuti ya mpira, na aliwaoanisha watu kwa urefu, kwa maana mabega yasiyolingana yanamlaza mgonjwa vibaya. Alinitazama kutoka chini hadi juu, akachukua muda wake. Akanisimamisha na mmoja, akaweka mti juu ya mabega yetu, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Mti ulikuwa umeinama kama paa. Akajaribu mwingine, kisha mwingine.

“Hapana,” akasema. “Mugonjwa atateleza. Kulikuwa mutu moya wa urefu kama yako, lakini alihamia mujini, Majengo.”

“Nitapinda magoti,” nikamwambia.

“Mpaka Ndosho?”

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, lakini mimi nilikisikia vibaya. Kapita akaona uso wangu, akatafuta namna ya kunipoza. Akanipa beseni la mgonjwa lenye chupa ya chai, kitenge, sahani na sabuni. Kazi ya beseni ilikuwa ya wanawake. Nilishuka mlima mzima nyuma ya kipoyi, mita karibu mbili za mwanamume, na beseni la plastiki la rangi ya waridi mikononi.

Toka siku hiyo kila filimbi ikilia nilikwenda, na kila mara nilipewa beseni. Nilinuna. Nilijiambia urefu ni kisingizio tu, kwamba watu wale hawakutaka jasho langu lichanganyike na lao, na kwamba siku nikiugua mimi nitalala chumbani mpaka nipone au nife. Nilimwambia mama mwenye nyumba hivyohivyo, siku moja jikoni, kwa hasira. Hakunionea huruma hata kidogo.

“Weye unataka kulia juu ya mizigo?” akasema akimenya viazi. “Butembo batu banalia kwa sababu mizigo iko mingi.”

Wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Ilikuwa ya kwanza kufika mbali namna ile, baada ya mbili zilizoharibika. Alinieleza hilo mara moja tu, bila kuinua macho kwenye viazi, na hakulirudia. Lakini nilimwona mume wake akimaliza kazi za watu mapema ili arudi nyumbani, akiketi mlangoni, akipiga randa ubao uleule uliokwisha kunyooka. Kilikuwa kipindi ambacho barabara zilikuwa wazi na watu walilala kwenye nyumba zao wenyewe, na katika Kivu hilo ni jambo la kushukuru. Nilidhani mambo yote yatakwenda sawa kwa kuwa mambo makubwa yalikuwa yanakwenda sawa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha asubuhi nzima, ikakatika mchana. Nilikuwa juu ya tangi la pili nikipiga plasta wakati mume alipotokea uwanjani. Alisimama chini ya ngazi yangu, akaishika kwa mikono miwili.

“Mama anatoka damu,” akasema hatimaye.

Sikumbuki nilivyoshuka. Tulipofika nyumbani muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ameshafika, mama mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole. Alikuwa amemlaza mgonjwa chini juu ya mkeka, miguu imeinuliwa juu ya magunia ya viazi. Kitambaa chini yake kilikuwa chekundu, na chekundu kile kilikuwa kinaendelea kukua.

“Hakuna uchungu, ni damu tu,” muuguzi akatueleza. “Hiyo njo mbaya. Mutoto hawezi kupita, banapaswa kumupasua Goma. Nimeita gari, litangojea Ndosho. Hapa haliwezi kupanda. Sikieni vizuri: alale, asikae. Na miguu isishuke chini ya kichwa. Ikishuka, damu yote itakwenda, mutoto na mama pamoja.”

Filimbi ilikuwa inalia tayari. Wanaume walikuja mbio, kapita mbele yao. Mgonjwa akalazwa kwenye kipoyi, akafunikwa blanketi, na mume akatangulia kama desturi inavyotaka. Wawili walioshabihiana kabisa, ndugu wa tumbo moja, waliingia chini ya mti. Nami nikapewa beseni.

Kwenye tambarare ya kanisa hakukuwa na tatizo. Mteremko ulipoanza, likaonekana. Mabega yalilingana, lakini mlima haulingani. Yule wa mbele aliposhuka hatua tatu alikuwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya urefu wa mkono, na mgonjwa akaanza kuteleza kuelekea miguuni. Siku zote ilikuwa hivyo. Wagonjwa walishika kamba iliyofungwa kwenye kikapu, wakavumilia, na mguu uliovunjika haukudhurika kwa hilo. Siku ile ilikuwa tofauti, na muuguzi alipiga kelele kabla sisi hatujaelewa.

“Musimame! Miguu inashuka! Damu imeongezeka!”

Wakasimama, yule wa mbele akainua mti juu kwa mikono miwili mpaka ikatetemeka. Kapita akaangalia njia yote iliyobaki chini yetu, mawe yaliyolowa yanayong'aa, akapangusa uso.

“Tumugeuze,” akasema. “Kichwa kitangulie.”

Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya kipoyi. Ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa yake.

“Hapana! Miye sijakufa. Mutanishusha kama maiti, bwana yangu ananiona?”

“Mama, ni juu ya damu,” muuguzi akambembeleza.

“Nimesema hapana.” Akapumua. “Mutie ule murefu mbele. Huo urefu wake ni wa kazi gani basi?”

Watu wote waligeuka wakanitazama, na mimi, nakiri, nikatazama nyuma yangu. Kapita akatazama mteremko. Akatazama mti. Akafumba jicho moja. Hakuomba radhi wala hakueleza kitu.

“Murefu,” akasema, “weka ile beseni chini.”

Niliingia chini ya mti upande wa mbele. Mtu alinikunjia kitenge akakiweka begani. Nyuma aliingia kapita mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mfupi kuliko yeye. Tuliposimama nilihisi uzito ukinijia, nikashuka hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nikamsikia muuguzi akisema, “Sawa. Sawasawa. Hivyo hivyo.” Mti ulikuwa umelala kama maji kwenye sufuria. Katikati ya hofu ile yote nilipata furaha, na sioni haya kusema. Ilinipanda kifuani ghafla, nikataka kucheka.

“Hatua fupi!” kapita akanifokea kutoka nyuma. “Hauko peke yako!”

Nikafupisha hatua. Mawe yalikuwa yanateleza, makali kwenye kingo, na mengine yakicheza chini ya mguu. Mume alikuwa mbele yangu, akiinama na kuinuka, akitupa mawe pembeni, akivunja matawi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Mgonjwa alikuwa anasema nyuma yangu, na kila alichosema kilikuwa malalamiko, nami nilikipokea kama zawadi.

“Mutanzania, unatembea kama mutu anatoroka deni.”

“Pole mama.”

“Pole ya radio hiyo. Tembea muzuri.”

Kapita alibadilishana na mfupi mwingine bila kusimama, mmoja akitoka na mwingine akiingia chini ya mti. Mimi sikuwa na wa kunipokea. Bega langu halikuwa na mwenzake siku ya kwanza, na sasa pia halikuwa naye. Kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama nimechoka. Mwanzo mti ulichoma, kisha ukawa unapiga pamoja na moyo, kisha nikaacha kujua bega linaishia wapi na mti unaanzia wapi. Nilihesabu mawe. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sikuwa na haki ya kumwambia, mengine kwa ukali.

Halafu mgonjwa akanyamaza.

Sikugundua mara moja. Nilikuwa nangoja tusi linalofuata, nalo halikuja. “Mama, uko?” nikauliza. Kimya. Nilisikia hatua za nyuma na pumzi za muuguzi aliyekuwa anakimbia pembeni. “Mama, uko?” Muuguzi alisema, “Endelea,” basi, neno hilo moja, na sauti yake haikuwa tena na ukali wowote. Sikuweza kugeuka. Anayebeba mbele akigeuka, mti unazunguka na mgonjwa anamwagika. Yule niliyempa bega sikuwa na namna ya kumwona, na watu wote waliomwona walikuwa hawasemi.

Mbele yangu mume naye alikuwa hageuki. Alikuwa amesikia kimya kile kama mimi. Mikono yake iliendelea na mawe, lakini polepole zaidi, na shingo yake ilikuwa imekaza kama ya mtu anayebeba ndoo kichwani. Sisi wawili tulikuwa watu pekee pale njiani tusiojua kama yuko hai.

“Anasema?” akaniuliza bila kugeuka.

“Anapumzika,” nikamjibu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliogopa kwamba nimembeba vizuri, kwa mti ulionyooka, mpaka amekufa. Nikarefusha hatua. Kapita alikuwa amerudi nyuma yangu, na safari hii hakunifokea. Alikimbia.

Tuliingia Ndosho kwa kishindo. Mafundi waliokuwa wanachomelea vyuma walizima mashine zao, pikipiki zikajipanga kando, na wanawake wa magengeni wakatupazia sauti, “Komera! Komera!”, ndiyo kusema jikaze, kwa Kinyarwanda. Gari lilikuwa linangoja mahali lami inapoanzia, mlango wa nyuma uko wazi. Tukashusha. Ndipo nilipogeuka.

Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu na macho yamefumba. Muuguzi alikuwa amepiga magoti anampigapiga mashavu, akimwita. Mara moja. Mara nyingine. Jicho moja likafunguka, likatafuta, likanipata huko juu nilikosimama.

“Munatikisa sana,” akasema, akafumba tena.

Gari liliondoka naye, na muuguzi, na mume. Sisi tuliobaki tuliwafuata kwa pikipiki, watu watatu juu ya kila moja, magoti yangu yakigonga magari ya watu njia nzima. Hospitali haikuturuhusu kuingia. Tulikaa nje kwenye ukuta wa mawe, wanaume saba wenye matope mpaka mapajani. Mimi nilitazama geti. Lilipofunguka kwa ajili ya mtu mwingine, nililichukia geti na mtu mwenyewe.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Sake, huko magharibi, alipotoka mume. Alitembea kwa hatua zake za siku zote. Alitufikia, akatutazama mmoja mmoja, akaonekana anatafuta neno ambalo hakuwa amelitumia muda mrefu.

“Bote babili,” akasema. “Bote babili bako bazima. Ni mwanamuke.”

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi, nikalia kwa sauti. Sikulia kwa staha. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana, na wapita njia wakadhani nimefiwa, mama mmoja akanipa pole. Kapita akamwambia hapana mama, huyu amezaliwa mtoto. Mama yule akanipongeza, akaniuliza mtoto amefanana na nani. Wenzangu wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakashika ukuta, nami nikiwa bado nalia nikacheka nao.

Baada ya hapo njaa ilitupata kama ugonjwa. Tulitembea hadi mtaa wa Mapendo, kwa mama mmoja anayekaanga sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, tukaagiza na ugali wa muhogo, tukala bila kuongea mpaka sahani zikabaki nyeupe, tukaagiza tena. Kila kitu kilikuwa kitamu, hata maji. Mmoja akakumbuka beseni. Lilikuwa limebaki juu mlimani, na chai yake, na sabuni yake. Tukacheka upya. Kapita akasimama katikati ya meza akaonyesha ninavyotembea, mtu mfupi yule akirusha miguu mbali na kunyoosha shingo, na mama wa sambaza akaacha kukaanga ili atazame. Nilivua shati kidogo wakaona bega. Lilikuwa na rangi ya biringanya. Wakalikagua kwa zamu, kila mmoja akitoa maoni, kama watu wanaonunua ng'ombe.

“Sasa sikia,” kapita akasema alipomaliza kula, akichokonoa meno. “Kushuka, weye mbele. Kupanda, weye nyuma. Pahali pa sawa, beseni.”

“Pahali pa sawa naweza kupinda magoti,” nikasema.

“Beseni,” akasema, na ukawa mwisho wa mjadala.

Niliporudi chumbani kwangu jioni ile mlango ulinigonga paji la uso, nikaupiga kofi la urafiki. Nilikuwa mwepesi. Kesho yake nilipobeba mfuko wa saruji kwa bega lililosalia, mtu alikuja mbio, nikadhani anakuja kuninyang'anya. Aliupita, akachukua mfuko wake mwenyewe, akaniambia nifanye haraka, saruji itashika unyevu. Hakuna heshima niliyowahi kupewa iliyonifurahisha kama hiyo.

Siku walipomruhusu kutoka hospitali, jeraha lilikuwa bado bichi, asingeweza kukaa juu ya pikipiki. Filimbi ikalia. Tulishuka kumpokea na kipoyi kitupu, tukiimba njia nzima. Pale Ndosho tukamlaza, kichwa upande wa mlimani, mtoto juu ya kifua chake amefungwa kitenge. Mume akatangulia. Kapita akaingia chini ya mti mbele, upande wa juu, nami nikaingia nyuma, upande wa chini.

Mpaka dakika ile sikuwa nimefikiri jambo hilo. Anayekaa nyuma wakati wa kupanda hutazamana na mgonjwa. Uso wake ulikuwa hapo mbele yangu, karibu mno, umekonda, una rangi ya mtu. Chini ya kidevu chake ulionekana uso mwingine, mdogo kama ngumi, umekunjamana, umechukizwa na mwanga. Kila hatua niliyopiga niliwaona. Niliwaona tulipopita kwa wachomeleaji, niliwaona mawe yalipoanza, niliwaona nilipojikwaa.

“Angalia njia,” akaniambia. “Hapana kuniangalia miye.”

Nikaangalia njia kidogo, kisha nikawaangalia tena.